Mbuzi ya Bibi Chini ya Msahafu

Nailaumu safari yangu ya Denmark. Binti yangu anasoma huko, na siku moja ya mvua akanipeleka kwenye makumbusho ya mji wao, mji mdogo ambao watu wake wote hawajazi harusi moja ya kwetu. Nilitegemea mapanga na mataji. Nikakuta mwiko. Mwiko wa mbao ulioungua ncha, umewekwa ndani ya kioo, na kikaratasi kinaeleza kuwa ulikuwa wa mke wa mshona viatu, aliyewakorogea uji wanawe kwa mwiko huo mpaka akazeeka. Basi, hayo tu. Nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama, machozi yakanitoka, binti yangu akaona haya.

Niliporudi Muscat nikamhadithia mama. "Kumbe hata mwiko una heshima yake," akasema, na kutwa nzima akawa anaurudia huo mwiko.

Haukupita muda mrefu, mjomba wangu, kaka wa pekee wa mama, akaja na habari kuwa karibu na Sidab, hapa hapa Muscat, kuna nyumba kongwe inafanywa makumbusho ya mtaa, na wanaomba vitu vya wazee. Mama hakusita. Aliingia stoo akatoka na mbuzi ya bibi.

Aliyekulia jiko la Unguja anaijua mbuzi ya nazi: vibao viwili vinavyopishana, unavikunjua, mbele pana chuma chenye meno, unaikalia na kukuna. Bibi alipotoka Unguja hakuweza kubeba mengi, lakini hiyo aliibeba. Hapa Muscat aliikalia kila alfajiri, akakuna nazi za vitumbua vya kuuza, na vitumbua hivyo ndivyo vilivyomsomesha mjomba mpaka akapata kazi serikalini na kiti cha kuzunguka. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu yeye halisemi.

"Waandike jina la mama," mama alimwambia. "Na waandike katokea Unguja."

"Inshallah, dada, wataandika kila kitu." Mjomba ana nyama ya ulimi, tangu zamani.

Siku ya ufunguzi alituambia wamealikwa wanaume tu. Tukaenda wiki iliyofuata, mama kavaa abaya lake la idi, kajifukiza udi mpaka gari zima likanukia. Njia nzima alikuwa akipanga picha atakayopiga awapelekee watoto wa shangazi yake walioko Unguja, wamuone bibi kawekwa mahali pa heshima.

Tulipita chumba cha madele ya kahawa, tukapita cha majambia. Jiko hatukuliona. Tulipoingia majlisi, sebule ya wageni, mama akasimama ghafla. Ndani ya kioo, juu ya zulia, ilikuwa mbuzi yetu. Chuma kimeng'olewa, mbao zimepakwa mafuta zikang'ara, imekunjuliwa, na juu yake umewekwa msahafu wa zamani, uko wazi. Kikaratasi, kwa Kiarabu, kilisema hii ni marufaa, kibao cha kuwekea msahafu, ya babu yetu, aliyekuwa akisomesha Kur-ani huko bara ya Oman, na imetolewa na mwanawe.

Astaghfirullah. Kitu walichokikalia wanawake wa kwetu maisha yao yote, leo kimebebeshwa maneno ya Mungu. Na babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori la makarafuu huko Unguja. Kur-ani akiisoma kama sote, na hakumsomesha mtu. Bibi hakutajwa hata kwa herufi.

Watu wa makumbusho siwalaumu, wao waliandika walichoambiwa. Namjua mjomba. Mbuzi inasema ulikuja kwa meli juzi, marufaa inasema hukuwahi kuondoka. Huko kazini kwake wakimwita Mzinjibari huku wakicheka, naye akicheka nao, na akirudi nyumbani anatujibu Kiarabu hata tukimsalimia kwa Kiswahili. Mwacha asili ni mtumwa, bibi akisema, na mwanawe akimsikia huku mdomo umejaa kitumbua.

Msichana anayetunza nyumba ile akatukaribia, mpole, ana adabu zake. Akamuuliza mama kwa Kiarabu kama anakijua kitu hiki. Nikafungua mdomo. Mama akanibana mkono, kucha zikaniingia.

"Ni cha baba yangu," akamjibu, kwa Kiarabu chake kizuri kuliko vyote. "Akikisomea kila alfajiri."

Msichana alifurahi mno, akaomba ampige picha pembeni ya kioo. Mama akajinyoosha, akatengeneza shela yake. Nilipomsogelea nikasikia midomo yake inaleta istighfari.

Garini nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza kwa nini.

"Ulitaka nimvue nguo kaka yangu mbele ya mtoto wa watu? Kaka nnaye mmoja. Ile ni mbuzi tu, sokoni Hamriya ntapata nyengine."

"Na mama yako? Naye utapata mwengine?"

Nilijua nimemkata, na nilitaka kumkata. Tukafika nyumbani. Nilipozima gari simu yake ikalia. Kumbe yule msichana keshampelekea mjomba picha, na mjomba keshaiweka kwenye kundi la familia: dada yangu na marufaa ya marehemu baba. Binamu zangu walishaanza kumiminika na mashallah zao.

Mama hana miwani haoni kuandika. Akanipa simu.

"Andika mashallah," akasema. "Andika Mungu amrehemu baba."

"Na bibi?"

Alikuwa keshafungua mlango, mguu mmoja uko nje.

"Andika baba tu," akasema.