Tangazo la Kufa kwa Diski, Pamoja na Njiwa

Ijulikane kwa umma kwamba zama za diski zimefikia tamati. Ndivyo alivyotamka Mkurugenzi wa Mawasiliano runingani, kwa suti ya kijivu na sauti ya msibani: vibanda vyote vya kuchoma video kwenye diski vifungwe mwisho wa mwezi, na wananchi watazame mambo yao mtandaoni.

Mchomaji, mwanamke mwenye kibanda nyuma ya stendi, alilisikia tangazo hilo huku akihamisha kanda ya harusi kwenye kompyuta. Kibanda hicho ndicho kilichomlisha na kumvisha tangu mumewe alipoaga kwamba anakwenda kununua betri. Akasonya, akaendelea na harusi.

Kesho yake Mkurugenzi mwenyewe aliingia kibandani kwa kunyata, kofia imemfika puani, flashi mkononi.

"Dada, nichomee diski moja. Ni mimi, natangaza."

"Unatangaza nini, kaka?"

"Si unajua."

"Najua. Nataka nikusikie."

Mkurugenzi akakohoa. Mama yake, alieleza, haamini picha isiyozunguka ndani ya deki yake. Simu huiita kijidude cha kunyamazishia watoto. Siku ya tangazo umeme ulikatika kwake, na sasa majirani wanamcheka: eti mwanao alionekana runingani, nani alimwona?

Mchomaji akaigeuza faili ile ili deki iweze kuisoma, akaichoma, huku kicheko kikimpanda kama maziwa jikoni. Kicheko hicho ndicho kilichomponza. Alisahau kuondoa kwenye kompyuta mapambo ya harusi ya jana: mioyo myekundu, njiwa weupe, na ule muziki wa kuingilia maharusi. Alipogundua, diski ilikuwa imeshakwenda zake.

"Basi tena," akaiambia mashine. "Hatutangoja hata mwisho wa mwezi."

Asubuhi mlango ulizibwa na mama wa umri mkubwa. Nyuma yake, Mkurugenzi, uso umemsawajika.

"Ni wewe uliyemfanyia mwanangu haya?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi, nisamehe..."

"Marahaba. Nikusamehe nini? Nimelia mie! Anasema diski zimekufa, njiwa hao, puru! Anasema vibanda vifungwe, ngoma inaitika! Majirani wamecheza mpaka zulia likahamia ukumbini kwa jirani. Nataka nakala za ukoo mzima."

"Mama, diski zimepigwa marufuku," Mkurugenzi akanong'ona.

"Na nani?"

Mkurugenzi akavitazama viatu vyake.

"Basi kaa kimya, wakubwa tunaongea. Kufa kufaana." Akamgeukia Mchomaji, sauti imelainika. "Mwanangu, hao njiwa, waweza kuwaongeza?"

Aliwaongeza.

Mwisho wa mwezi ulifika, ukapita. Tangazo hilo sasa linapatikana kwenye diski, kibandani nyuma ya stendi. Anayelihitaji huombwa asubiri kidogo, maana mashine inapoa.