Upande Mweupe wa Blanketi

Pasi ya mkaa ikipita juu ya kaki yenye unyevu hutoa harufu ya mvuke na vumbi lililoungua, na mimi hata leo nikiisikia moyo hunishuka. Masika yale mvua ilitupiga Kariakoo kama tulioikosea. Mafundi cherehani walijibana barazani chini ya mapaa ya madebe, nami nikipita baraza hadi baraza kuomba mabaki ya vitambaa. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Mama alikuwa ameolewa tena Tanga, akaniacha kwa Bibi. Na Bibi, aliyezoea kuamka kabla ya adhana kukaanga vitumbua, sasa alikuwa kalala siku ya ngapi sijui, anakohoa na kutetemeka. Tulimfunika kanga tatu, zisifae kitu. Nilimwogopea mno, maana zaidi yake sikuwa na mtu.

Aliyenionea huruma ni Mama Eliya, mpangaji wetu wa chumba cha uani. Walikuwa Wakristo wa kutoka Moshi, mumewe akifanya kazi ya reli huko Gerezani. Bibi alimpenda, ila Bibi Mdogo, ndugu yake Bibi aliyekuja kumuuguza, hakutaka hata maji ya mkononi mwake. "Watu wa bara hao," alikuwa akisema, "utajuaje sufuria yao imepikiwa nini?" Mama Eliya alisikia yote, akaendelea na kazi zake. Siku moja alinikuta nalia karibu na pipa la maji, akaniambia, "Machozi hayamfuniki mtu, mwanangu. Njoo nikufundishe, umshonee bibi yako blanketi la viraka. Sisi kwetu mlimani baridi tunaijua."

Yeye alifundishwa na mabibi wa misheni, na aliliita shono lile nyumba. Unaanza na mraba mdogo mwekundu katikati, ndiyo jikoni, moto unapowaka. Kisha unauzungushia vipande vyembamba, upana wa vidole viwili, kila kimoja kirefu kuliko kilichotangulia, kama magogo ya ukuta. Pande mbili zinazopakana unatia vya rangi nyeupe, mbili nyingine vyeusi: huku jua, huku kivuli. Ukikosea zamu hata mara moja, nyumba yote inapotea. Yangu ya kwanza ilipinda kama mdomo wa mtu aliyenuna, kwa sababu nilivuta uzi kwa hasira. Mama Eliya aliifumua yote bila kuniuliza. "Kitambaa hakivutwi, kinabembelezwa," alisema. Vijumba vikitimia tulivitandaza mkekani, tukavigeuza hivi na hivi mpaka weupe ukutane na weupe, kisha tukaviacha hadi kesho yake, tuvitazame upya kwa macho yaliyopumzika. Haba na haba, wahenga hawakukosea.

Vyeusi vilikuwa tele: kaki, kaniki, suruali za makarani. Weupe ndio ulionishinda, kwani kila kipande kilikuwa kimewahiwa na washona kofia. Bibi anatetemeka, mimi nimebakiwa na nyumba zisizo na jua. Mchana mmoja, Bibi Mdogo akiwa kaenda sokoni, nilifungua sanduku la Bibi. Chini kabisa, chini ya kanga za sikukuu, nilikuta bafta nyeupe mpya, imekunjwa vizuri, inanukia kafuri. Sikujua ni ya nini. Mambo ya maiti hayakuzungumzwa mbele yetu watoto. Lakini nilijua si yangu, hilo sitajidanganya. Nikachana kipande kizima, bafta ikaitikia kwa mlio mrefu ulionyooka, na iliyobaki nikaikunja kama nilivyoikuta. Mama Eliya alipoiona alifurahi, akauliza nimeitoa wapi. "Nimepewa," nikasema. Kwao hawaweki sanda sandukuni, angejuaje?

Tulilimaliza siku ya Alhamisi. Bibi alifunikwa, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze alitulia. Alipitisha vidole kwenye mistari ile myeupe, polepole, akanitazama muda mrefu. Kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mke mwenzangu. "Umenijengea nyumba, mke mwenzangu," alisema. "Ahsante." Kama alitambua, alikwenda na siri yake. Jumapili alfajiri alifariki.

Wanawake walifungua sanduku. Sanda ya mwanamke ni vipande vitano, na Bibi aliinunua yake mwenyewe mapema ili asije kuzikwa kwa nguo ya kuchangiwa. Ilipopimwa ikapungua. Bibi Mdogo akaitazama bafta, akalitazama blanketi, akapiga ukelele. "Jamani! Maiti kaibiwa!" Wala hakunitazama mimi. Alitoka moja kwa moja hadi uani alipokuwa Mama Eliya akiosha masufuria ya msiba. Mama Eliya alisikiliza, akafuta mikono, akanigeukia. Aliona kila kitu usoni kwangu. Nilikuwa najiona nimemvua Bibi nguo mbele ya watu. "Kushona tumeshona," alisema taratibu. "Kuiba sijaiba." Basi. Hakunitaja. Mtaa ukachanga bafta, Bibi akazikwa kwa kile alichokiogopa, na kabla matanga hayajaanuliwa rukwama ilikuwa imebeba kitanda cha Mama Eliya kwenda Ilala. Nilisimama mlangoni. Sikusema.

Bibi Mdogo aliisimulia habari ile miaka mingi, harusini, misibani, na kila akimtaja mwizi wa sanda wenzake walisonya. Nami nilikuwepo, natia chai vikombeni. Baadaye, baada ya uhuru, nilikutana na Mama Eliya sokoni Ilala. Kazeeka kidogo. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Bado unashona?" Bibi Mdogo alikuwa hai bado, nyumbani, mwendo wa dakika chache. Ningeweza kumshika mkono Mama Eliya nikampeleka. Nikamwambia nina haraka.

Sasa nyumba yetu ni ghorofa la maduka, na jirani yake tu wanauza sanda zilizokwisha kukatwa, zimefungwa kamili kwenye mfuko, hakuna wa kuhesabu vipande. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mbona yangu imenifikisha uzeeni? Wajukuu nikiwasimulia hunipapasa mgongo. "Ulikuwa mtoto tu, Bibi," wananiambia. Siku ya msiba, kweli, nilikuwa mtoto. Pale Ilala nilikuwa mama wa watoto wawili.