Jiko la Vifaranga

Sebastian, mwongoza watalii kutoka Machame, alijulikana Karatu nzima kwa mdomo wake. Kule kreta, kwenye bonde la volkano lenye wanyama, aliwaeleza wageni jinsi tembo anavyopunga masikio ili damu ipoe, na jinsi pimbi anavyoota jua asubuhi asimalize nguvu kwa kujipasha. Wageni walimpigia makofi. Nyumbani hakuna aliyempigia, ndiyo maana alikuwa mkali. Mimi, Salha mwenye duka, nilipakana naye ukuta. Nilisikia mengi bila kutaka.

Julai ya 1998 mkewe, Ndeshi, alileta vifaranga mia wa siku moja kutoka Arusha. Tangu aolewe hakuwahi kuwa na kitu chake mwenyewe. Aliwazungushia hadibodi kwenye chumba cha uani, akaweka jiko la mkaa katikati. Wakitawanyika na kula, joto linatosha. Wakirundikana, anaongeza mkaa. Baridi yetu ya Julai si ya mchezo.

Siku ya nne alimpeleka mtoto kliniki, akamwachia mumewe maagizo. Aliporudi alasiri, jiko lilikuwa mlangoni mwa bafu, limebeba sufuria la maji ya kuoga.

"Baba Clara, vifaranga wangu!"

"Acha ushamba, Mama Clara. Hao wana damu moto, mwili unajipasha wenyewe. Mimi nimesomea haya."

Damu moto, na manyoya ya siku nne! Walikuwa wamerundikana kwenye hadibodi. Wa juu walikufa kwa baridi, wa chini kwa kukosa hewa. Katikati walipona kumi na mmoja. Ndeshi aliwapanga wafu kwenye karai, mmoja mmoja. Sebastian alichungulia, akacheka.

"Leo tunakunywa supu."

Nilimchukia hapo hapo, na bado namchukia.

Wiki iliyofuata gari lake lilikwama topeni kreta, akalisukuma kwenye mvua isiyo ya msimu hadi mchana. Alirudi amelowa chapachapa, meno yanagongana, vidole vimeshindwa kufungua vifungo.

"Mama Clara, nakufa. Niletee jiko."

Ndeshi alitoka jikoni na jiko linawaka. Alimpita, akaenda nalo uani, ambako mablanketi yote ya nyumba yalikuwa yamekinga upepo kuzunguka hadibodi.

"Mwili unajipasha wenyewe, Baba Clara. Si umesomea?"

Akajifungia na vifaranga wake.

Sebastian akaja dukani kwangu akitetemeka, akaomba blanketi. Nilimwambia yamekwisha. Yalikuwa saba, kwenye rafu nyuma yangu, naye aliyaona.