Gari Bila Sauti

Baba yangu alikuwa dereva wa lori, kwanza jeshini, baadaye kwa wafanyabiashara wa Koboko, na alikuwa mtu wa maneno mengi mpaka siku walipomkata mguu. Kisukari ndicho kilichomponza. Kidonda kidogo cha kidole kilipanda hadi karibu na goti, daktari akasema tuchague mguu au maisha. Ukaondoka mguu wa kulia, ule ambao madereva huuita mguu wa mafuta. Tulipomrudisha nyumbani alimwambia mama, "Sasa mimi iko mzigo tu," akageukia ukuta, na tangu hapo hakusema zaidi ya ndiyo na hapana.

Wageni walikuja, maana kwetu mgonjwa hakosi watu. Walikaa mkekani, wakanywa chai ya tangawizi, wakamsimulia habari za barabara. Baba alitazama ukuta. Mama akaanza kuogopa. Aliniambia kidonda kimepona lakini mtu mwenyewe anaisha, na kama hatukupata cha kumtoa huko alikojificha, tutamzika akiwa na afya yake. Mama yangu hana kawaida ya kupunguza makali ya maneno.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kama ishirini, karani katika ofisi moja ya Arua. Tulikuwa na kompyuta mbili zilizofanya kazi pale tu jenereta ya ofisi ilipowashwa, na katika moja mhasibu alikuwa ameficha mchezo wa magari. Saa ya chakula tulijazana nyuma ya kiti chake, kila mtu akingoja zamu. Siku moja zamu yangu ilipofika, nikiwa nakata kona, nikamkumbuka baba, nikagonga ukuta. Nasema ukuta wa kwenye mchezo. Gari lile halikuwa na pedali. Lilikwenda kwa vidole.

Nikajua la kufanya. Kompyuta mpya ilikuwa jambo la wakubwa, kwa hiyo nilikwenda kwa Mkongo mmoja mwenye kibanda karibu na soko la Arua, aliyekuwa akiunganisha mashine kwa vipande vilivyotumika. Nilimweleza wazi kwamba nataka mashine ya kuchezea magari, si ya kuandikia barua, na kwamba fedha zangu ni hizi, asinitazame usoni akitafuta nyingine. Alicheka sana. Alisema wateja wake wote hudai wanataka ya masomo ya watoto, kisha huuliza kama inacheza magari.

Tulichagua polepole, kila Jumamosi kipande. Nyumbani kwetu vitu hununuliwa kwa mkono: pasi, redio, cherehani, unakiinua kwanza, kikiwa chepesi unakirudisha. Mama alikuwa amenisisitizia hivyo. Basi kila kilichowekwa mbele yangu nilikipima mkononi, na Mkongo akaniacha niendelee na ushamba wangu. Kwenye kisanduku cha umeme, kile kinachogawa moto kwa vipande vingine, alikiri kwamba niko sawa. Kizito kina shaba ya kweli ndani, na kingevumilia jenereta ya nyumbani inayopanda na kushuka. Kwenye kumbukumbu ya mashine nilijiaibisha. Nilikataa kijiti kizuri kabisa kwa sababu kilikuwa chepesi kama biskuti, ikabidi anieleze taratibu kwamba vyote viko hivyo.

Prosesa tulichukua iliyopitwa na wakati kidogo, kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa wa zamani. Kasha lilikuwa na kutu ubavuni. Diski ilikoroma. Stabilaiza, ile ya kutuliza umeme, nilitaka kuiruka, lakini Mkongo aligoma katakata, akasema bila hiyo nitarudi kwake na majivu. Mwishowe fedha zikabaki za kadi moja, na yeye akaweka mbili juu ya kitambaa. Moja ilikuwa ya picha, inayofanya barabara iteleze vizuri na miti ionekane miti. Nyingine ilikuwa ya sauti. Mashine za aina ile hazikuja na sauti ndani yake. Bila kadi ilikuwa bubu, inalia pii ukiiwasha, basi.

Sikufikiri hata kidogo. Nani kwetu asiyejua maisha ya jenereta? Ya nyumbani ilikaa nyuma ya chumba cha baba, na ikiwaka tulizungumza kwa mikono. Kulipia sauti kando ya kelele zile niliona ni kutupa pesa. Mkongo naye aliafiki. "Dada, mutu hawezi sikia kitu pale," alisema. "Kamata picha." Nikakamata picha, nikajiona mjanja wa Arua nzima.

Skrini niliipakata kwenye pikapu mpaka Koboko, nimeizungushia blanketi, na kila shimo la barabara liliipiga kifuani kwangu. Mama mmoja tuliyekaa naye aliniuliza kwa upole kama mtoto anaumwa.

Nilifunga vyote mezani kwa baba, nikawasha. Picha ilitoka safi ajabu: milima, lami inayong'aa, gari jekundu. Mama alishika mdomo. Tulimgeuza baba pamoja na kiti chake, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema sentensi nzima, ya kwanza baada ya miezi.

"Gari hii imezima."

Nikamwambia haijazima, aone mwenyewe inavyokwenda.

"Kama iko nakwenda, sauti iko wapi?"

Nikamweleza mambo ya jenereta, kwamba asingesikia chochote. Alinitazama kwa huruma, kisha akarudi ukutani kwake. Nilikasirika nikatoka kwenda kulia karibu na jenereta, mahali pekee ambapo mtu angeweza kulia kwetu bila kusikiwa. Mama alinifuata, akaizima ili apate kunisema. Alisema baba hakuwahi kuangalia dashibodi hata siku moja. Akiendesha aliwakataza watu kuimba ndani ya gari. Gia zake alizibadilisha kwa sikio, na katikati ya msafara wa malori alilijua lake likikohoa. Nilikuwa nimeishi naye nyumba moja miaka yote hiyo bila kulijua hilo, kwa sababu sisi wasichana hatukupandishwa kabini.

Jumatatu nikawa kibandani, kadi ya picha mkononi, nimejiandaa kwa vita, maana kitu kilichotumika hakirudishwi. Mkongo alisikiliza kisa chote akiwa ameshika koleo. Aliuliza baba alikuwa akiendesha lori gani, na nilipomwambia, alitikisa kichwa kwa heshima. Akanibadilishia bila kunidai kitu, na juu yake akanipa visikizi vikubwa vya redio ya kaseti, vile vinavyofunika sikio lote. Kwa upande wa picha, alisema, itabidi tuvumilie ile dhaifu iliyokuja na ubao mkuu wa mashine wenyewe.

Dhaifu ni neno la adabu. Milima ikawa matofali. Miti ilijitokeza vipande vipande, shina kwanza, majani ukiwa umeshaupita. Barabara ilirukaruka hadi mama akasema inamtia kichefuchefu. Lakini nilimvalisha baba visikizi, nikamwekea gia za kubadilisha mwenyewe, nikaweka vidole vyake kwenye vitufe, na jenereta ikinguruma nyuma yetu nikaanzisha mchezo.

Uso wake ukabadilika. Aliiacha injini ipande, ipande tena, mpaka pale alipopajua yeye, ndipo akabadilisha gia. Mimi sikusikia kitu. Niliona kwa bega lake. Chini ya meza kile kilichobaki cha mguu wa kulia kilikuwa kinakanyaga. Nilimpenda baba yangu wakati ule kuliko siku zote.

Mchezo ulikuwa wa mashindano, lakini baba hakushindana na mtu. Aliliendesha lile gari jekundu kama lori lililobeba magunia ya tumbaku, akilizuia kwa gia kwenye miteremko, akilibembeleza kwenye milima. Wengine walimpita mmoja baada ya mwingine.

"Wacha wapite," alisema, na kwa sababu ya visikizi alisema kwa kelele, nusu ya mtaa ikasikia. "Hawa iko na haraka ya kufa."

Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Baba hakutuona. Alikuwa anayachunguza yale magari yaliyompita. Yalishika upande wa kulia wa barabara, si kushoto kama kwetu, na dereva wa Koboko haulizi maana yake. Ukihamia kulia, umevuka mpaka.

"Tumeingia Sudani," baba alisema.

Nilijua kwamba mwaka wa sabini na tisa, serikali ya wakati ule ilipoangushwa, tulikimbia. Nyumba nyingi za askari Koboko zilikimbia, na mimi nilizaliwa njiani. Zaidi ya hapo baba hakuwahi kusema, na mama kila nilipomuuliza alinielekeza kwa baba. Sasa, macho yake kwenye matofali yale, akaanza kueleza kwa sauti ile ile kubwa. Magari yalikuwa mengi, mbele na nyuma, vumbi limefunga kioo, hata boneti yake haioni. Lori lilikuwa bovu. Likizima pale linaziba njia, na nyuma yake kuna watu wanaokimbia na watoto wao. Kando yake kabini mama ameshikwa na uchungu. Basi akaacha kutazama, akaendesha kwa kusikiliza.

"Sikio moja injini, sikio moja mama yako," alisema. "Moja ikinyamaza, mimi nimekwisha."

Mama alikuwa ameacha kucheka. Baba alishusha gia, akatoka barabarani taratibu, akasimamisha gari jekundu pembeni, magari ya mwisho yakimpita mbio. "Binti, hapa ndiyo wewe ulizaliwa," alisema.

Mama alisogea, akainua kisikizi cha upande wake. "Si hapa, mzee," akamwambia. "Ni mbele kidogo, baada ya kona."

Baba hakubisha. Aliingiza gia ya kwanza, akaenda hadi kwenye kona, akaipita, akaegesha mahali ambapo mama alimwonyesha kwa kidole. Injini aliiacha ikiwaka. Kisha akavua visikizi, akanivalisha mimi, nikasikiliza.