Kiti cha Mbele

Ile asubuhi ya Columbus haijanitoka, mwanangu Eliya, mpaka rangi ya tai niliyovaa. Nilikuwa sijapanga kukusimulia. Lakini jana baada ya ibada ulinidokeza kwamba Jumanne unakwenda kupimwa na daktari wa madai yako ya jeshi, na nilipokuuliza unalalaje, ukacheka: "Mzima kabisa, mzee, Mungu ni mwema." Halafu ukanipa lifti mpaka hapa Newburg, ukaniomba nikae nyuma, kwamba kiti cha mbele kibovu. Nikakaa nyuma. Nilipofika nyumbani chakula kilinishinda. Basi zima hiyo simu, chukua chai, nisikilize.

Mimi nami nimewahi kuwa kijana, usinione na mvi hizi. Nilikulia kambi ya wakimbizi huko Kasulu kama baba yako, tukaletwa Louisville, nikajiunga na jeshi la Marekani kwa kiherehere changu mwenyewe. Nikapelekwa vitani, nikawa dereva wa lori. Pembeni yangu alikaa Tedi, kijana wa Ohio, mwenye pete nene kidoleni. Alikuwa na tabia ya kugonga mlango wa lori kwa pete ile, kutoka ndani, akifuatisha wimbo alioujua yeye: ko, ko-ko, ko. Kutwa nzima. Siku moja ikanikera nikamwambia, "Tedi, acha bwana, unanipasua kichwa!" Akaacha. Hata hatukumaliza kilima tulichokuwa tunapanda, bomu la barabarani likalipuka upande wake. Mimi nilitoka mzima, ila sikio moja linavuma mpaka leo.

Nilipotoka jeshini nikapata kazi ya ghalani huko Columbus, nikahamia na mke wangu Goreti na binti yetu Neema, mtoto wa darasa la pili wakati huo. Huko ndiko nilikoanza kusikia mlango ukigongwa. Mchana kweupe, sikudanganyi. Nimesimama kwenye taa nyekundu, redio nimezima, vioo nimepandisha: ko, ko-ko, ko. Kutoka ndani, upande wa abiria. Sikugeuka, hata mara moja. Nilijua nikigeuka nitamkuta mtu.

Nikaweka Biblia kwenye kiti kile, nikaifunga mkanda, na sikumruhusu mtu yeyote kukaa pale. Goreti akawa anakaa nyuma na mtoto kama abiria wa teksi. Kanisani wakatutania, "Mama Neema siku hizi bosi, ana dereva!" Tukacheka nao. Unajua tulivyolelewa, mambo ya nyumbani yanabaki nyumbani. Na nyumbani kwenyewe nilikuwa sifai. Nililala sakafuni, mgongo nimeuegemeza mlangoni. Sahani ikianguka, nilipiga ukelele ambao ulimfanya Neema akajifiche kabatini. Nikikumbuka hilo naona aibu mpaka leo.

Goreti ndiye aliyenisukuma nipeleke madai kwenye ofisi ya maveterani. Akasema, "Wakikubali kwamba jeshi ndilo lililokuumiza, watakutibu. Wasipokubali, mimi sijui nitaishije na wewe, Baba Neema." Hakuwa anatania.

Siku ya kupimwa ikafika. Na mimi, mjinga wa wajinga, nikafanya nini? Nikapiga pasi suti ya harusi. Nikafunga tai ya kijani. Kwa sababu kambini tulifundishana hivyo. Jirani yetu mmoja, kwenye mahojiano ya safari ya kuja Marekani, alimwambia yule mhoji kwamba mama yake aliyefariki huja kumtandikia kitanda kila asubuhi. Faili lake likasimama. Watoto wake wakabaki wakiangalia mabasi ya wenzao yakiondoka. Toka siku hiyo kambi nzima ilijua: mbele ya mtu mwenye kalamu na faili, wewe ni mzima. Unakula, unalala, huoni kitu.

Daktari wa Columbus alikuwa mpole, wala sina ugomvi naye. Aliniuliza kama nalala. Vizuri sana, namshukuru Mungu. Nasikia vitu ambavyo wengine hawavisikii? Hapana, daktari. Kuna kitu nakikwepa? Hapana. Nikatabasamu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Aliponiuliza habari za utotoni, hapo sasa nikafunguka, nikamwaga vita ya Burundi, kukimbia, njaa na kipindupindu cha kambini, yote kwa mpangilio, kama nilivyozoea kuyasema kwenye mahojiano. Wakati huo Goreti alikuwa ananisubiri garini. Kiti cha nyuma.

Barua ikaja baada ya wiki kadhaa. Madai yamekataliwa. Maoni ya daktari yalikuwa yameambatanishwa: mtu huyu ni nadhifu, mchangamfu, hana dalili za maana, na kama ana msongo wowote, kuna uwezekano mkubwa zaidi umetokana na maisha ya kambini kuliko jeshi. Chini waliandika kwamba nina mwaka mmoja wa kupinga.

Goreti aliisoma mara mbili. Akauliza, "Huyu mwanamume aliyeandikwa hapa anaishi wapi? Nionyeshe, nikaolewe naye." Kabla wiki haijaisha alikuwa amemchukua Neema, wamekwenda Buffalo kwa shangazi yake Goreti.

Nikabaki na nyumba tupu na hasira. Kutwa nilimtukana yule daktari kichwani mwangu. Jumapili natoka kanisani, nikasimama kwenye taa, mlango ukaanza. Ko, ko-ko, ko. Hasira ikanipanda nikasema leo na liwalo na liwe. Nikageuka.

Hakuwa Tedi, mwanangu. Nilikuwa mimi. Suti ya harusi, tai ya kijani, mikono yote miwili imetulia juu ya Biblia, na mlango bado unagongwa. Ananitazama na lile tabasamu. Halafu akasema kwa sauti yangu mwenyewe, taratibu, "Mzima, namshukuru Mungu."

Sijui taa iligeuka mara ngapi. Magari ya nyuma yalipiga honi mpaka nikapata nguvu ya kusogea pembeni, nikaliacha gari pale, nikaenda nyumbani kwa miguu bila kugeuka. Kesho yake nikapanda basi la Buffalo.

Shangazi Leonia anakaa mtaa wa East Side. Mama wa watu yule alikuwa msaidizi wa zahanati kambini, na hana mchezo. Alinikalisha jikoni, Goreti amesimama mlangoni amekunja mikono, nikaeleza yote, hata ya kwenye taa. Nilipoanza kumlaani daktari akanikatiza.

"Nyamaza. Daktari ameandika alichoonyeshwa. Wewe ndiye uliyemtuma yule mwenye tai aingie mle ndani, ukabaki garini na marehemu. Sasa unamlilia nani? Umemleta wewe, kamwondoe wewe."

Loo! Sijawahi kusemwa namna ile. Nilitaka kukasirika, machozi yakaniwahi.

Yeye ndiye aliyenipeleka Amherst, hapo jirani na Buffalo, kwa Daktari Wanjiru, Mkenya aliyekuja kusomea magonjwa ya akili akabaki huku. Huyo akaniambia kwanza niombe faili langu la jeshi, lote, si ile barua tu. Lilipofika ndipo akaniita. Swali la kwanza: unalalaje?

"Namshukuru Mungu," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Kaka, hiyo ni salamu. Mimi nimekuuliza swali. Hebu be honest na mimi, sina haraka."

Basi nikasema. Sakafu, kabati, Biblia na mkanda wake, mlango. Nilikwenda kwake mara nne, na kila mara nilitoka nimelowa jasho kama niliyepakua kontena. Mara ya nne alikuwa ameshalisoma faili, akafungua ukurasa mmoja alioukunja pembeni. Ulikuwa umeandikwa na mhudumu wa afya wa kikosi chetu, siku moja baada ya mlipuko. Akanisomea kwa Kiswahili: "Askari huyu amekataa kuondoka kwenye mabaki ya lori. Anasema mwenzake bado yuko ndani, anagonga mlango."

Tedi alikuwa ameshaondolewa pale tangu jana yake. Na mimi sikumbuki kusema maneno hayo, mpaka leo sikumbuki. Miaka yote niliamini mlango ule ulianza kugongwa Columbus. Kumbe haukuwahi kunyamaza, na jeshi lenyewe liliandika.

Kulikuwa na ukurasa mwingine: siku naingia jeshini, madaktari wao walinipima wakaandika akili yangu ni timamu. Kwenye maoni ya Columbus, hakuna hata ukurasa mmoja kati ya hizo uliotajwa. Hapo ndipo penye nafasi ya kupinga, mwanangu, pale ambapo daktari hakutazama. Daktari Wanjiru hakuificha kambi yangu. Aliandika kwamba nilipitia hayo yote, na baada yake nilifanya kazi, nililala kitandani, niliendesha gari na mtu pembeni, mpaka siku ya lori. Akaeleza na kwa nini nilitabasamu Columbus. Goreti naye akaandika kwa mkono wake. Barua yake ilianza hivi: "Kwa miaka miwili nimekaa kiti cha nyuma." Sikujua kwamba alikuwa anahesabu.

Tulipeleka vyote kabla mwaka haujaisha. Tukasubiri miezi. Wakakubali, nikaanza matibabu, na tukarudi Louisville kwenye ndugu zetu. Siku ya kuondoka Buffalo, lile gari nilikuwa nimeshalifuata Columbus, Goreti alifungua mlango wa mbele, akaifungua Biblia mkanda, akakaa. "Kuna joto," akasema, "kama mtu ameinuka sasa hivi." Nikawasha gari, tukaondoka.

Mwanangu, sikiliza sasa. Jumanne usivae mtu mwingine. Ukiulizwa, jibu swali, usitoe salamu. Sema siku yako mbaya inavyokuwa, usimpe daktari ile nzuri. Na akiandika vibaya bado, usimtukane wala usikae kimya kama tulivyozoea. Omba nakala ya alichoandika, isome mstari kwa mstari, tafuta alichoruka kwenye faili lako, umpate daktari mwingine wa kulisoma lote na kueleza sababu zake. Mwambie mkeo aandike alichokiona kwa macho yake, aibu iwekeni pembeni. Na ule mwaka usiuache ukakupita.

Mungu akufungulie kinywa, Eliya. Akurudishie usingizi wa kitanda chako, na watoto wako wasiufahamu mlango wa kabati kwa ndani. Hiyo ndiyo baraka yangu, ipokee.

Maana jana nilikitazama kiti chako. Hakina ubovu wowote. Sikuulizi ni nani anakaa pale, hilo utamwambia daktari. Lakini Jumanne nitakuja nawe, na nitakaa mbele.