Mshahara Niliosema Haujafika

Siku zile za Zaire mshahara wa walimu ulichelewa mara nyingi, na mimi nilijificha nyuma ya uchelewaji huo. Miezi miwili mfululizo nilimwambia mke wangu haujafika, kumbe nilikwisha kuumaliza kwa bia na kwa mwanamke wangu wa nje, kule mtaa wa Mikelenge.

Darasani nilifundisha bajeti ya nyumba, tena kwa maringo. Niliwaagiza wanafunzi waulize nyumbani pesa gani zimeingia, kisha waje kusoma mbele ya wenzao.

"Nataka ukweli mutupu," nikawaambia. Mjinga mimi! Nilisahau kwamba binti wa mwalimu mwenzangu yumo darasani.

Akasimama, akasoma pesa za baba yake: "Mushahara ya papa, walimulipa mwezi uliopita, na mwezi hii pia."

"Muzuri sana!" nikamsifu, nikageuka kuandika ubaoni.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya binti yangu mwenyewe, ambaye darasani aliniita Citoyen, yaani Raia, kama wengine.

"Citoyen mwalimu, kumbe walilipa? Sasa mama anauzia nini vitenge vyake vya ndoa?"

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama wangecheka.