Nilimeza Gicleur ya Mama Ilunga

Hapa Kamina kuna akina mama waliokaa nje ya choo changu asubuhi nzima wakiulizana kama nimemaliza, na kwa kuwa habari imeshafika hadi stesheni, afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Mimi ni fundi wa injini ndogo. Mama Ilunga, mwenye mashine ya kusaga mihogo karibu na reli, aliniita Alhamisi kwa sababu mashine ilikuwa inakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi, na Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake, unga wa bukari, ugali wetu, ya harusi haujasagwa hata beseni moja. Nikafungua kabureta (nzee kuliko mimi), nikatoa gicleur, kile kipande kidogo cha shaba kinachoipimia injini mafuta, nikakuta tundu lake limelika limekuwa pana. Mpya haipatikani mjini. Nikaliziba kwa risasi ya kuyeyushwa, nikalitoboa upya kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, kazi safi, hilo sikanushi hata leo.

Shida ni kwamba tundu zuri hulia filimbi ukivuta hewa, na akina mama walikuwa wengi pale na mabeseni yao, nikataka waisikie. Nikaitia gicleur mdomoni, nikavuta. Ikalia vizuri. Nikavuta tena, kwa nguvu zaidi, ikaenda.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake nikatazama chini nikasema, "Imeanguka." (Sijui neno lile lilitoka wapi.) Basi wote wakapiga magoti, wakachekecha mchanga kwa chekecheo za unga, nami nikachekecha pamoja nao, kwa bidii, karibu saa nzima, nikakung'uta hata viatu vyangu. Mwishowe mmoja akakumbuka kwamba Kabibi, binti wa Mama Ngoie, wa miaka minne, alikuwa amekaa palepale. Wakamfungua kinywa kwa vidole. Hamna kitu. Mama yake, kwa aibu, akampiga kofi.

"Muache mutoto," nikasema. "Iko mu tumbo yangu."

Mama Ilunga akajipangusa mchanga magotini. "Fundi, minyi, mimi huyu, niko na ndoa kesho kutwa."

Nikaletewa mapapai matatu ya kulainisha tumbo, nikala yote. Kesho yake asubuhi akina mama walikuwa wamepanga mabeseni hadi mlangoni mwa choo.

"Fundi, iko?"

"Haiyatoka, mama."

Ilitoka saa nne. Niliiosha kwa petroli mara tano, na hakuna aliyeniomba niipigishe filimbi. Mashine ikawaka bila moshi, unga ukasagwa, harusi ikala ikashiba.

Siku hizi napuliza kwa pampu ya baiskeli, na kitu kikinipotea nasema kilipo kabla mtu hajainama. Ya choo nimezoea, watu wacheke tu. Kofi lile ndilo linaloniuma. Nilienda kwa Mama Ngoie kuomba msamaha, akaniambia, "Hapana minyi. Omba mutoto."

Nikachuchumaa mbele ya Kabibi, na kabla sijasema neno, akafungua kinywa chake chote, nitazame.